Maneno Kufanana Si Undugu

Kuna orodha zinazozunguka kwenye simu zetu, kwenye mahubiri, na siku hizi hata kwenye vitabu, zenye safu mbili za maneno. Safu ya kushoto ni Kiswahili au lugha nyingine ya Kibantu. Ya kulia ni Kimisri cha kale, Kiebrania, Kijapani au lugha nyingine ya mbali yenye sifa kubwa. Maneno yanafanana, na chini yake pameandikwa hukumu: hawa ni ndugu zetu, ama sisi tulitoka kwao, ama wao walitoka kwetu. Anayetilia shaka huambiwa kwamba amelishwa kasumba.

Wanaoamini hivyo si wajinga, na hoja zao nataka kuzieleza kama wanavyozieleza wenyewe. Wanasema kwamba neno ni sauti na maana. Sauti ni nyingi, maana ni nyingi, kwa hiyo watu wasiojuana hawawezi kukutana kwenye neno moja bila sababu. Wanasema pia kwamba wataalamu wenyewe walipokiweka Kiswahili, Kiganda na Kizulu katika ukoo mmoja, walianza kwa kuona kwamba huku husemwa mtu, kule omuntu na kwingine umuntu. Kama kufanana kulitosha hapo, mbona kusitoshe tunapofika Misri? Hoja ya tatu ina uchungu ndani yake, na ina ukweli mwingi: historia ya Mwafrika iliandikwa kwa muda mrefu na watu waliomdharau, kwa hiyo si haki tuwasubiri hao hao watupe ruhusa ya kujua asili yetu.

Nitazijibu zote. Naamini msimamo huu umekosea tangu msingi wake, na naamini unatudhuru.

1. Tuanze na neno moja: moto

Mswahili akisema moto, kila mtu anajua ni kitu gani. Mjapani akisema moto anamaanisha chanzo au msingi wa jambo. Neno hilo limo ndani ya jina la ukoo la Yamamoto, yaani chini ya mlima. Kwa Mwitaliano moto ni mwendo. Kwa Wamaori wa New Zealand moto ni kupiga ngumi. Kinshasa, kwa Kilingala, moto ni mtu. Ukifika Goma au Bukavu, moto ni pikipiki, neno lililoingia kutoka Kifaransa. Mkazi wa Goma ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kila siku anapanda moto kwenda sokoni, kisha jioni anawasha moto apike, na mambo hayo mawili hayamchanganyi hata kidogo.

Mpenzi wa orodha haziandiki maana zote hizi. Anachagua moja inayomfaa, na moto wa Kijapani unamfaa sana. Ataandika kwamba moto ndio chanzo cha ustaarabu, kwa hiyo Wajapani wamehifadhi maana ya ndani ya neno letu. Inasomeka vizuri. Lakini ingesomeka vizuri vilevile kwa maana nyingine yoyote: mwendo, kwa kuwa moto huenea, ngumi, kwa kuwa huumiza, mtu, kwa kuwa mwili wa mtu aliye hai una joto. Hoja inayoweza kumeza kila jibu haijathibitisha hata moja.

Sasa tulifungue neno letu lenyewe, jambo ambalo orodha hizi hazifanyi kamwe. Ile m ya mwanzo si sehemu ya mzizi. Ni kiambishi cha ngeli, kama kilivyo katika mti na mto. Ndiyo maana wingi wake ni mioto. Mzizi ni -oto, na bado tunautumia kila tunapokaa karibu na jiko wakati wa baridi na kusema tunaota moto. Kitenzi hicho kimeenea kuliko hata neno moto. Waganda huuita moto omuliro, Wazulu huuita umlilo, Wakikuyu huuita mwaki, lakini Mganda anayejipasha joto husema okwota, Mkikuyu husema gwota, Mzulu husema ukotha. Mtu anayeoanisha herufi m-o-t-o na moto wa Kijapani ameoanisha kiambishi chetu na kipande cha mzizi wao. Amelinganisha vitu visivyolingana kabla hata hajafika kwenye maana.

Kilingala ndicho kinachonishangaza zaidi, kwa sababu hicho ni ndugu wa kweli. Kina maneno matatu ambayo Mswahili angeyasikia yote kuwa moto: moja ni mtu, jingine ni kichwa, la tatu ni moto wa kuwaka. Wenyewe huyatofautisha kwa kupanda na kushuka kwa sauti na kwa upana wa irabu. Kati ya hayo matatu, ni la tatu tu lililo ndugu wa neno letu moto. La kwanza ni ndugu wa mtu: kiambishi mo-, kisha mzizi ule ule wa -ntu ambao kwetu umebaki -tu. La pili ni ndugu wa kichwa. Hili la mwisho linaonekana kama mzaha mpaka ukumbuke kwamba Waganda husema omutwe, na kwamba Mombasa wazee wa Kimvita bado husema kitwa. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja, pale ambapo undugu upo bila ubishi, jicho linadanganya: linaunganisha moto wetu na mtu wa Kinshasa, ambao hawana uhusiano, na linapita kichwa na motó bila kuwatambua.

2. Wingi wa sauti hautuokoi

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu inategemea dhana kwamba sauti ni nyingi mno kiasi kwamba maneno hayawezi kugongana. Tuhesabu. Kimaori kina konsonanti 10 na irabu 5. Silabi zake fupi ni irabu peke yake, au konsonanti moja na irabu moja, basi. Hizo ni 55 kwa hesabu ya juu kabisa. Maneno mafupi ya silabi mbili yanayoweza kuundwa hapo ni 55 mara 55, yaani 3,025. Kijapani nacho huandikwa kwa alama za msingi 46 za hiragana, na karibu zote ni irabu peke yake au konsonanti moja na irabu. Kiswahili hupenda silabi za muundo huo huo. Lugha tatu zinajaza maelfu ya maana kwa kutumia maumbo machache yanayofanana: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Zisipogongana ndipo tungehitaji maelezo.

Kuna lugha takriban 7,000 duniani. Mwandishi wa orodha hachagui moja mapema na kuipima yote. Anapita popote, anachukua neno popote linapompendeza, anaacha maelfu yasiyofanana, kisha anatuonyesha ishirini aliyoyaokota. Orodha ya maneno ya Kiswahili na Kijapani yasiyofanana ingejaza kamusi nzima. Hajaiandika, na hatumwoni akiombwa aiandike.

3. "Lakini maana nayo inafanana!"

Hapa wengi hudhani wamepata ngome. Nani kwa Kiswahili huuliza mtu; kwa Kijapani nani huuliza kitu, yaani "nini". Sauti zile zile, na maana inayokaribia kabisa. Si huu ni ushahidi?

Maneno ya kuulizia huenda kwa familia. Kama nani wa Kijapani na nani wetu wana babu mmoja, tuwaone na jamaa zake. Kijapani kinauliza mtu kwa dare, mahali kwa doko, wakati kwa itsu. Sisi tuna wapi, lini, gani, vipi. Hakuna hata kimoja kinachojibu kwa mwenzake. Upande wa pili, Kilingala kina nani yule yule na Kiganda kina ani, vyote vikiuliza mtu, na lugha hizo zinashirikiana nasi katika mamia ya maneno mengine, katika ngeli, na katika namna ya kunyambua kitenzi. Wakati huo huo nani ya Hawaii ni uzuri na nani ya Kihindi ni bibi mzaa mama. Hao hawakuwekwa kwenye orodha.

Ziko ajali kubwa kuliko hiyo. Kwa Kiajemi neno bad ni "baya", na kwa Kiingereza bad ni "baya", na hayo mawili hayana asili moja, ingawa lugha zenyewe ni za ukoo mmoja wa mbali. Kaskazini ya Queensland, Australia, kulikuwa na lugha iitwayo Kimbabaram. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alipomwendea mzee Albert Bennett, mmoja wa wasemaji wake wa mwisho, na kumuuliza mbwa anaitwaje, aliambiwa: dog. Mtu wa orodha angefunga kesi hapo: Waingereza waliwafundisha, au wote wametoka mahali pamoja. Dixon akachimba. Wayidiny, majirani wa Wambabaram, humwita mbwa gudaga. Kimbabaram kilikuwa na kawaida ya kudondosha mwanzo wa maneno na kubadili irabu zilizofuata, na ukilipitisha gudaga katika mabadiliko hayo, unapata dog, sawasawa na maneno mengine mengi ya lugha hiyo. Kiingereza kwa upande wake kilipata dog kutoka docga ya Kiingereza cha kale. Maneno mawili yalitembea njia mbili katika mabara mawili yakafika kwenye sauti moja na mnyama mmoja.

Ukikutana na jambo kama hilo una hiari mbili. Unaweza kusema "haiwezekani" na kuanzisha hadithi, au unaweza kufanya kama Dixon, kuuliza majirani.

4. Baba na mama

Hili nalipitia haraka kwa sababu lina jibu la siku nyingi, ingawa ndilo linaloongoza kwenye kila orodha. Mtoto mchanga popote duniani huanza na sauti za midomo, m na b na p, pamoja na a. Wazazi huzipokea sauti hizo kama wito na kuzipa maana. Roman Jakobson alilieleza hili katika makala yake ya 1960. Ndiyo maana Mturuki na Mchina wana baba kama sisi. Lakini wazazi hawakukubaliana ni sauti ipi ya nani. Kwa Wageorgia wa Kaukazi, mama ni baba mzazi, na mama mzazi ni deda. Kwa Warusi baba ni mwanamke, hasa mzee. Dada yetu ni ndugu wa kike. Kwa Wabengali dada ni kaka mkubwa. Wenye orodha huandika Uturuki na China na kuiacha Georgia.

5. Orodha za Kiebrania

Hizi zinahitaji jibu tofauti, kwa sababu kufanana kwake si kwa bahati. Damu kwetu, dam kwa Waebrania. Roho na ruach. Kaburi na kever. Saba na sheva. Nabii na navi. Anayeziona kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka, na kwenye baadhi ya mimbari mshtuko huo hugeuzwa kuwa nasaba: Waswahili, na Wabantu wote nyuma yao, walitoka Israeli.

Maneno yote hayo tuliyapata kutoka Kiarabu. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu, lugha za Kisemiti, kwa hiyo chochote tunachokopa kwa Mwarabu kitafanana na cha Mwebrania. Hakuna aliyefichwa hapa wala hakuna safari ya siri. Kuna bandari, kuna dini, kuna ndoa na biashara ya karne nyingi kati ya pwani hii na Oman, Hadhramaut na Ghuba. Kipimo ni rahisi. Waulize Wabantu wa bara ambao hawakukaa na Waarabu. Damu kwa Mzulu ni igazi, kwa Mchewa ni magazi, kwa Mganda ni omusaayi. Kama damu ingekuwa urithi wa Wabantu kutoka Yerusalemu, ni vigumu kueleza kwa nini urithi huo uliishia ufukweni.

Kosa hilo hilo, likigeuzwa, ndilo linalowafanya wengine waseme Kiswahili ni Kiarabu. Wanaona sita, saba na tisa, wanasahau moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi. Wanaona kitabu, hawaoni tulichokifanya. Kwa Mwarabu k ya kitāb ni sehemu ya mzizi, na wingi wake ni kutub. Sisi tulisikia ki- mwanzoni, tukaichukua kama ki- ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Lugha haiazimi mifupa yake. Neno la kigeni linapoingia Kiswahili huvishwa ngeli, hupatanishwa na vivumishi, hutii kitenzi cha Kibantu. Anayehesabu maneno peke yake haoni hayo.

6. Ba, Ntu na Neter

Nimefika kwenye dai linalopendwa kuliko yote. Kwamba Bantu ni maneno mawili ya Misri: ba, yaani nafsi, na ntu, kutoka neter, yaani mungu. Watu wa Mungu, au nafsi za Mungu.

Ba- ni kiambishi cha wingi. Kwetu kimekuwa wa-: mtu, watu. Kwa Wakikuyu kimekuwa a-: mũndũ, andũ. Kama ba ni nafsi, Waswahili na Wakikuyu walipoteza nafsi lini? Na -ntu haipo kwa binadamu tu. Ipo kwenye kitu, ambacho Mganda hukiita ekintu. Ipo kwenye vitu vyote, mawe na masufuria yakiwemo. Mzizi huo haubebi uungu wowote. Ni ngeli ndiyo inayosema kama tunazungumzia mtu au kitu. Jina Bantu lenyewe kama jina la ukoo wa lugha liliwekwa na Mjerumani, Wilhelm Bleek, katika kazi zake za karne ya 19; babu zetu hawakujiita hivyo kama taifa moja.

Kisha kuna neter. Wamisri wa kale hawakuandika irabu. Waliandika konsonanti tu, na hizo e mbili za neter zilichomekwa na wataalamu wa Ulaya ili waweze kulitamka darasani. Matamshi ya baadaye tunayajua kupitia Kikopti, hatua ya mwisho ya lugha hiyo hiyo, ambamo neno hilo ni noute. Yaani ndugu zetu wanaosema hawataki kutegemea mzungu wamejenga dai lao kubwa kuliko yote juu ya irabu ambazo mzungu alizichomeka.

Cheikh Anta Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo walipokwenda kwenye mkutano wa Unesco mjini Cairo mwaka 1974 kutetea uafrika wa Misri, hawakwenda na orodha ya maneno ishirini ya kuokota. Diop alikuwa amelinganisha Kiwolofu na Kimisri kwa miaka mingi, pamoja na sarufi. Hitimisho lao kuhusu lugha linabishaniwa hadi leo, lakini walijua kwamba deni la ushahidi ni lao. Wanaotumia majina yao kusambaza neter hawalipi deni hilo.

7. "Mbona Kibantu mnakikubali?"

Hii ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote. Ni kweli kwamba kufanana ndiko huanzisha shaka ya undugu. Lakini shaka haigeuki kuwa uthibitisho kwa kuongeza mifano inayofanana. Inathibitishwa na tofauti, pale tofauti zinapofuata kanuni.

Tazama Kichewa cha Malawi. Mvua kwao ni mvula. Njaa ni njala. Kuvaa ni kuvala. Kukaa ni kukhala. Mara nyingi wanapoweka l katikati ya mzizi, sisi tuna pengo. Kanuni moja, maneno mengi, wala hakuna aliyechagua yale yanayompendeza. Jambo linalonifanya niiamini kabisa kanuni hii liko ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema kukaa, lakini kukalia kiti. Tunasema kuvaa, lakini amevalia kanzu. Tunasema kuzaa, lakini mtoto amezaliwa. Kutwaa, lakini imetwaliwa. L iliyopotea inarudi mara tu kitenzi kinaponyambuliwa. Mtoto wa darasa la pili anaifahamu bila kufundishwa. Huo ndio ushahidi wa undugu, na Kijapani, Kiebrania na Kimisri havina hata chembe ya kitu kama hicho cha kutuonyesha.

Carl Meinhof aliziandika kanuni za sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, na kazi ile ilikuwa na nidhamu. Namtaja kwa sababu ya alichokifanya baadaye.

8. Madhara yake

Huulizwa: hata kama ni uongo, una ubaya gani, ikiwa unawapa watoto wetu fahari?

Mwaka 1912 Meinhof huyo huyo alichapisha kitabu juu ya lugha za Wahamiti. Safari hii aliiacha nidhamu yake. Aliwakusanya Wamaasai, Wafulani, Wahausa, Wasomali na hata Wanama wa kusini katika kundi moja kwa kufuata mifanano ya hapa na pale, na nyuma yake kulikuwa na imani kwamba watu wa aina bora walikuja kutoka kaskazini kuwatawala Waafrika weusi. Joseph Greenberg alilivunja kundi hilo. Kufikia kitabu chake cha 1963 Kimaasai kilikuwa kimerudi kwa Waniloti, na Kifulani kwa jamaa zake wa Afrika Magharibi. Kabla ya Meinhof, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyeitwa Moritz Merker alichapisha mwaka 1904 kitabu kilichodai Wamaasai ni jamaa wa Waebrania wa kale, kwa kufananisha ngano na desturi. Na kabla yake John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka upande wa Ethiopia, kwa kutazama sura zao.

Madai hayo matatu yana umbo moja na orodha za leo: panapoonekana kitu cha thamani Afrika, tafuta kinachofanana nacho mbali, kisha useme kilitoka huko. Walioeneza wazo hilo walikuwa wakoloni. Leo tunalieneza wenyewe na kuliita ukombozi.

Rwanda ililipa gharama yake. Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, Kinyarwanda, kwa ngeli zile zile na methali zile zile. Ushahidi wa lugha nzima ulikuwa mezani. Uliwekwa kando, ikachukuliwa hadithi ya asili ya mbali, ikafundishwa shuleni, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukaandika kabila kwenye vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, mjini Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi wanapaswa kurudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, miili iliteremka kwa mto huo hadi Kagera na Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Tanzania na Uganda ndio waliokuwa wakiiopoa. Sisemi kwamba anayesambaza orodha ya maneno ana nia hiyo. Nasema kwamba hadithi za "hawa si wa hapa, walitoka kule" hazijawahi kuwa mchezo katika eneo letu, na mtu anayezitunga kwa ushahidi wa kuokota anachezea silaha.

Kuna madhara mengine, madogo kwa macho lakini ya kila siku. Tunapowatafuta ndugu Tokyo na Yerusalemu tunawapita walio jirani. Ndugu wa karibu kabisa wa Kiswahili wanajulikana. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliwaeleza kwa kirefu mwaka 1993: Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kielwana kinasemwa na watu wachache kandokando ya mto Tana, na sijaona orodha yoyote inayokitaja. Mtoto wa Kilifi akisema moho akimaanisha moto, wapo watu wazima, walimu miongoni mwao, wanaomwambia anaharibu Kiswahili. Haharibu kitu. Anasema Kigiriama, ambamo t yetu ya kale hujibiwa na h: mti ni muhi, moto ni moho, tatu ni hahu. Ila mtu ni mutu, kwa sababu t hiyo ilitanguliwa na n katika -ntu, na n iliikinga. Hata kinachoonekana kuvunja kanuni kina kanuni yake.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno lake la kuhesabia baada ya tano: tandatu. Tukaliacha, tukachukua sita ya Kiarabu. Wagiriama husema handahu. Weka h kila mahali penye t, na ni neno lile lile. Tulidhani limekufa, kumbe linatumika leo Kaloleni na Malindi kuhesabu nazi, na majirani tunaopanda nao matatu moja.